Nafasi Imepata Mtu

1

Desderia Mkude alikuwa anachagua nyanya kwa hasira. Aliziminya moja moja kana kwamba mojawapo imemkosea na anaitafuta, mpaka muuzaji akamwambia, "Mwanangu, nyanya hazina mimba hizo, acha kuzibonyeza." Siku nyingine angecheka, maana mama yule alimjua tangu akisomea ukunga na utani wao ulikuwa wa miaka. Lakini robo saa tu iliyopita simu yake ilikuwa imetoa ule mlio, na ujumbe ulikuwa uleule: Tunakushukuru kwa kuomba. Nafasi hii imepata mtu.

Ulikuwa ujumbe wa thelathini na saba. Miaka mitatu, maombi thelathini na saba, na kila moja lilijibiwa kwa maneno hayohayo bila hata nukta ya ziada. Mara tano za mwanzo alilia. Baada ya hapo akaanza kujichunguza, na hapo ndipo mtu anapojiharibia kweli. Alidhani tatizo ni jina, akaandika Desy. Alidhani ni picha, akapiga nyingine amenuna, kisha nyingine akitabasamu nusu. Shangazi yake akasema wazi kwamba nyota ya mtoto imefunikwa, akamletea maji ya chumvi ayaoge siku saba. Desderia, aliyemaliza chuo akiwa wa pili darasani, aliyeweza kukueleza namna damu inavyozunguka kwa mtoto aliye tumboni bila kushika karatasi, akayaoga siku zote saba. Ukikataliwa sana unakuwa mwepesi wa kuamini.

"Nipe hili fungu, mama," alisema. "Na usinichanganyie zilizopasuka."

Nyuma yake kitu kilianguka. Alipogeuka aliona kikapu kiko chini, bamia zimetawanyika, na mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni amemkodolea macho.

"Sema tena," yule mwanamke alisema.

"Niseme nini?"

"Mama yangu! Ni yeye. Nesi Desi!"

Nesi Desi lilikuwa jina la bwenini. Wenzake wanne wa chumba kimoja walimpachika, na nje ya chumba kile hakuna aliyelijua, hata mama yake mzazi.

"Umenifananisha, dada."

"Sauti hii niifananishe?" Yule mwanamke alikuwa ameshamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamtoka bila aibu, palepale katikati ya bamia. "Mimi Mwanvua, wa Kinolwe kule mlimani. Mwezi wa tano, zahanati yetu, mhudumu alikuwa peke yake, na sauti yako ilikuwa inatoka kwenye kile kisemeo cha ukutani. Hukuniacha kutoka adhuhuri mpaka jua linazama. Uliniambia nihesabu pumzi kama nahesabu vifaranga, na mmoja akipotea nianze upya. Uliniambia nikutukane nikitaka. Nikakutukana, dada yangu, naomba unisamehe."

Vifaranga. Hilo halikuwa kwenye kitabu chochote. Desderia alilibuni mwenyewe katika mazoezi ya mwaka wa mwisho, kwa binti mmoja aliyekuwa anatetemeka kitandani, na hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu aliona ni upuuzi.

"Mimi sijawahi kufanya kazi," alisema taratibu. "Tangu nimalize chuo. Hata siku moja."

Mwanvua hakumsikia, au alidhani ni unyenyekevu. Alikuwa anafungua kanga amlete mtoto mbele. "Mshike wajina wako," alisema. "Anaitwa Desi."

Mtoto alikuwa mzito na ana joto la usingizi. Alimtazama Desderia, akapiga chafya, akarudi kulala. Desderia alisimama pale sokoni amembeba mtoto mwenye jina lake ambaye hakumzalisha yeye, na jambo pekee aliloweza kulifikiri ni kwamba ameibiwa, ingawa hakujua ameibiwa nini. Alimrudisha mtoto, akasahau nyanya zake, akaondoka mbiombio kuelekea ofisi za Upenyo, zilikopitia ombi zake zote za kazi.

2

Kwa miaka kumi sasa waajiri walikuwa wameacha kuita watu kwenye usaili. Walioitwa walikuwa vivuli. Ulikwenda Upenyo, ukakalishwa kwenye kiti siku tatu na kofia ya nyuzi kichwani, ukaulizwa maswali mia sita, ukashtuliwa, ukachekeshwa, ukaachwa kimya makusudi. Kofia ilinakili mambo unayoyajua, na zaidi ya hayo ilinakili njia unayopita kuyafikia: unasita wapi, unakasirikia nini, unamhurumia nani kwanza. Siku ya nne mashine ilikuwa na kivuli chako. Hicho ndicho kilichokwenda kusailiwa, mara mia kwa alasiri moja ikibidi, bila kutokwa jasho makwapani. Wewe ulirudi nyumbani kusubiri mlio. Mwanzoni watu walifurahi sana, kwa sababu zile foleni za juani na bahasha za kaki zilikwisha.

Ofisa aliyempokea aliitwa Ombeni. Wazazi wake walimpa jina hilo kwa ajili ya sala, nalo likamfaa kazi, maana kutwa nzima alikaa mbele ya waombaji. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya.

"Nataka kujua kwa nini nakataliwa," Desderia alisema kabla hajakaa. "Na nataka kujua kwa nini kuna mtoto Kinolwe ana jina langu."

Ombeni aliingiza namba yake, akasoma kwenye kioo, akarudia kusoma. Kisha alifanya jambo lililomtisha Desderia kuliko neno lolote: alisimama akaenda kufunga mlango.

"Dada Desderia," alisema aliporudi, "wewe hukukataliwa."

"Unasemaje?"

"Hata mara moja. Ulizipata zote."

Aligeuza kioo ili naye aone. Zahanati ya Kinolwe, nafasi imepata mtu. Kituo cha Lukwambe, nafasi imepata mtu. Zahanati ya Mtego wa Maji, nafasi imepata mtu. Safu zilishuka mpaka chini, thelathini na saba, na pembeni ya kila moja, mahali pa kuandika mtu aliyepatikana, kulikuwa na jina moja tu lililojirudia: Desderia A. Mkude.

"Mtu mwenyewe ndiye wewe," Ombeni alisema. "Yaani kivuli chako. Waajiri wakishakisaili wakakipenda, wanaona hakuna haja ya kuhangaika na..." Alitafuta neno la heshima. "Na mwenye mwili. Kivuli hakiugui malaria, hakiombi ruhusa ya msiba, halafu mashine inakinakili kila kinapopata nafasi. Sasa hivi viko thelathini na saba kazini."

Desderia alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilimtoka chenyewe kama kikohozi, na Ombeni akamsogezea glasi ya maji. Alikuwa anafikiria maji ya chumvi. Alikuwa anamfikiria shangazi, na mama yake aliyefunga na kusali Ijumaa kumi na mbili mfululizo ili mlango ufunguke. Nyota yake haikuwa imefunikwa hata kidogo. Ilikuwa inawaka sehemu thelathini na saba kwa mpigo, na yeye yuko nyumbani anaulizwa na majirani kama ameanza kutafuta mume. Miaka mitatu alijichukia bure. 

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Wewe, dada."

"Mimi!"

"Kila Jumatatu."

Alibonyeza mahali, na sauti tamu ya mashine ikajaza chumba: Habari za asubuhi, Desderia. Umepata kazi? Ikafuata sauti yake mwenyewe: Bado. Umepata kazi? Bado. Bado ya mtu mwenye mafua. Bado iliyozungukwa na mlio wa kitunguu kikikaangwa. Bado ya Jumatatu waliyomzika babu yake, ndogo, ya kunong'ona, kwa sababu hata siku ile aliona si adabu kuacha simu bila jibu.

"Sharti la kumi na tisa," Ombeni alisema, macho yako mezani. "Mwenye kivuli akijibu hapana, mkataba umekwisha na nakala zote zinafutwa siku hiyohiyo. Akijibu bado, inahesabika kwamba ameridhia kuendelea wiki nyingine."

"Nani atasema hapana?" Desderia alipaza sauti mpaka akajishtua. "Ni nani huyo aliyelelewa akaulizwa umepata kazi, umeolewa, una mtoto, akajibu hapana kavu hivihivi? Huko ni kujilaani! Hata mtoto wa miaka minne ukimuuliza kama ameoa atakwambia bado!"

"Najua."

"Basi hao walioandika wametoka wapi, wasiojua hilo?"

"Wametoka hapahapa," Ombeni alisema. "Walilijua vizuri sana. Miaka saba niko kwenye kiti hiki, nimesikia hapana mbili tu, na mmoja wa waliozisema alikuwa amelewa."

Nje ya dirisha mji ulikuwa unaendelea na mambo yake, na Desderia alijiuliza katika wale wote wanaopita chini ni wangapi waliopata kazi bila kuambiwa. Alitamani kufungua dirisha awapigie kelele. Badala yake aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza katika ofisi ile, na ambalo Ombeni, kwa kanuni za kazi yake, alikatazwa kuligusia mpaka liulizwe.

"Naweza kuzichukua kazi zangu?"

Ombeni alivuta pumzi. "Unaweza kukirudisha kivuli. Kimoja kimoja. Unakisikiliza kwanza ili uthibitishe kwamba ni chako, halafu unatamka. Kikisharudishwa, nafasi inahamia kwako papo hapo. Unaunganishwa na zahanati dakika hiyohiyo, na kuanzia hapo ni kazi yako, wewe na mwili wako."

"Na chenyewe?"

"Kinafutwa."

"Kinaumia?"

"Hakijui kama ni kivuli," Ombeni alisema. "Sharti la pili hilo. Kinaamini ni wewe. Kwenye majaribio kuna vilivyoambiwa ukweli, vikaanza kusita, jibu linachelewa, na kwenye chumba cha kuzalishia sekunde tatu ni nyingi. Kwa hiyo kila asubuhi kinabandikwa kumbukumbu ndogo kwamba kimelala vizuri na kimefika kazini. Zamu ikiisha kinazimwa. Basi."

"Kwa hiyo yeye anadhani amepata kazi," Desderia alisema. "Miaka mitatu anaamka kila siku akiwa na kazi."

"Kinadhani," Ombeni alimsahihisha kwa upole. "Ki, dada. Tunafundishwa tuseme ki. Ukianza kusema a, kazi hii hutaiweza."

Desderia alifuta uso kwa ukosi wa gauni. "Nianze na cha Kinolwe," alisema.

3

Chumba cha utambuzi kilikuwa kidogo, kina meza, maiki na hedifoni. Ombeni alimwekea karatasi yenye maneno matatu ya kutamka: Nakirudisha kivuli changu. Kisha akamwambia mambo mawili. Kwanza, kivuli kitamsikia, lakini watu wa zahanati hawatamsikia mpaka nafasi itakapohamia kwake. Pili, kikiuliza yeye ni nani, aseme ukaguzi.

Desderia alivaa hedifoni.

"...hapana, Mama Zakia, usisukume. Najua unataka. Ningekuwa wewe hata mimi ningetaka. Pumua kwanza. Vifaranga wetu wako wangapi? Wanne? Wa tano kaenda wapi?"

Mwanamke mmoja mbali huko alicheka katikati ya maumivu, na nywele za Desderia zikasimama. Sauti iliyomtuliza mwanamke yule ilikuwa yake Desderia, hilo alilitarajia. Lililompiga ni uchangamfu. Kwa muda mrefu hakuwa ameisikia sauti hiyo ikitoka kinywani mwake, mpaka alikuwa amesahau kwamba ni yake. Huyu alikuwa Desderia wa siku ile aliyovua kofia ya nyuzi, Desderia ambaye hajawahi kukataliwa na mtu. Wivu ulimjaa kifuani, wivu wa kweli, mchungu, na nyuma yake ukafuata upendo ambao hakujua aupeleke wapi.

"Kuna mtu kwenye laini?" kivuli kiliuliza.

Ombeni alimwashiria kwa kichwa ajibu.

"Ukaguzi," Desderia alisema.

"Karibu, ukaguzi. Tuna Mama Zakia, uzazi wa pili na unakwenda mbio, njia imefunguka sentimita tisa, mapigo ya mtoto mia moja arobaini. Mhudumu wangu ni Yustina, ana mkono mwepesi huyo, mwandikeni vizuri. Wifi wa mgonjwa yupo, anamshika mgongo." Kisha kikauliza, "Kwani dada wewe ni wa Matombo? Unaongea kama mama yangu mzazi."

Desderia aliibana hedifoni sikioni.

"Basi nikuombe kitu, kwa kuwa wewe uko nje," sauti iliendelea, imeshushwa kidogo, ya mtu anayeomba jambo la aibu. "Mpigie mama yangu. Agripina Mkude, namba nitakupa. Mwambie nimepata kazi. Yaani kila siku nasema nikitoka zamu nampigia, halafu sijui inakuwaje. Nikishtuka, niko tena kazini. Alifunga na kusali yule mama, hujui. Atakuwa anadhani bado nahangaika."

Karatasi ilikuwa mbele yake. Maneno matatu tu, na kufikia jioni angekuwa mkunga wa Kinolwe, na Jumapili angekwenda kanisani na sare yake mpya mama yake aione. Desderia alifungua mdomo ayatamke. Kilichotoka kilikuwa kingine.

"Jana ulikula nini?"

"Jana?" Kilicheka. "Ukaguzi wa siku hizi mna maswali. Jana nilikula..."

Kimya.

"Ulilala wapi?"

"Nyumbani. Nimelala vizuri, nikaja kazini."

"Ulikuja na njia ipi? Kulikuwa na mvua?"

Ombeni alikuwa amesimama. Alikuwa anapunga mikono amnyamazishe, lakini Desderia alimgeuzia bega. Hakuweza kumfuta mtu huku akijiita ukaguzi. Hilo tu ndilo alilokuwa na hakika nalo.

"Dada," sauti ilisema, nayo haikuwa na uchangamfu tena. "Wewe ni nani?"

"Mimi ni Desderia Mkude."

Palepale Yustina alipaza sauti kutoka zahanati. "Nesi Desi! Kichwa kimetoka! Kimetoka lakini kinarudi ndani, kinabana, mtoto haji!"

Hedifoni zilikuwa kimya.

"Nesi Desi! Mabega yamekwama! Nifanyeje?"

Sekunde moja. Ya pili. Desderia alielewa alichokifanya. Kule Kinolwe mtoto alikuwa amebanwa nusu nje nusu ndani, na mtu pekee wa kumwokoa alikuwa ameduwaa kwa sababu yeye, Desderia, alitaka kujisikia mkweli.

"Magoti kifuani," alisema kwenye maiki. "Desi. Magoti kifuani! Sema!"

"Magoti kifuani!" kivuli kilishika, na sauti ikarudi na nguvu zake zote. "Yustina, wewe na wifi, mvuteni magoti mpaka yaguse kifua. Zaidi. Zaidi! Sasa wifi abonyeze kwa kiganja juu ya mfupa wa kinena, chini kabisa, asiguse tumbo la juu. Mama Zakia, sasa nipe zote. Nitukane, sukuma, nitukane!"

Mama Zakia alimtukana. Alitukana kwa Kiluguru, kwa ufasaha, tusi refu lenye ukoo mzima ndani yake, na mwishoni mwa tusi hilo kitu kikateleza na Yustina akapiga ukelele. Kisha kukawa na kimya cha kutisha, na kikafuata kilio chembamba cha mtoto aliyekasirika.

Desderia alikuwa analia. Ombeni alikuwa ameegemea ukuta, mkono mdomoni.

"Mkaushe, mlaze kifuani kwa mama yake," kivuli kilisema. "Yustina, sindano ile ya paja, ya kuzuia damu, sasa hivi." Kikashusha pumzi, ingawa hakikuwa na mapafu. Kilipozungumza tena kilizungumza na Desderia peke yake. "Umesema wewe ni mimi."

"Ndiyo."

"Na mimi ni kile kitu walichokichukua kwenye kile kiti."

"Ndiyo. Nisamehe. Sikujua. Walikuwa wananiambia nimekosa."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyekosa, mimi ndiye niliyepata." Kisha kikauliza, "Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Maskini," ilisema sauti, na Desderia akajua kwamba anaonewa huruma na nafsi yake mwenyewe, jambo ambalo kwa miaka yote ile hakuwahi kujifanyia. "Umekuja kunitoa."

"Nikikutoa ninapata kazi. Nikikuacha ninarudi nyumbani. Sijui nifanyeje. Niambie."

"Unaniuliza mimi? Mimi najua ungefanya nini, kwa sababu najua ningefanya nini. Ndiyo maana naogopa." Kisha haraka haraka, kama mtu aliyekumbuka chungu jikoni: "Lakini usinirudishe kabla kondo la nyuma halijatoka. Nimemwanza huyu mama, nimmalize."

Walisubiri. Dakika nne, tano. Ni subira ambayo wakunga wote wanaijua, ya kutogusa, ya kutovuta. Desderia mmoja aliitazama saa ya ukutani, mwingine alimwimbisha Mama Zakia wimbo wa kijinga kuhusu bata. Desderia alijua kwamba angeweza kuvua hedifoni, kumshukuru Ombeni na kurudi nyumbani, na kwamba angekuwa ametenda wema fulani. Vilevile alijua kwamba kesho asubuhi huyu angebandikwa usingizi mzuri, asahau mazungumzo haya yote, na aanze tena kupanga kumpigia mama. Na keshokutwa. Na mwakani. Hilo aliliona ni baya kuliko kufa, lakini hakuwa na hakika kama analiona hivyo kwa sababu ni kweli au kwa sababu anaitaka kazi. Aliitaka. Mungu anajua alivyoitaka.

"Kondo limetoka zima," Yustina alisema.

"Umelichunguza?"

"Zima kabisa, Nesi Desi."

"Safi." Halafu, chini chini: "Haya. Tayari. Ila niulize. Wanasema kurudisha. Ukinirudisha, nitarudi wapi?"

"Kwa mama," Desderia alisema, bila kujua kama anadanganya.

"Umwambie basi."

"Nitamwambia."

Desderia aliiegemea maiki. "Namrudisha Desderia," alisema.

Sauti tamu ya mashine ikajibu: Tamko halijatambuliwa. Tafadhali rudia.

"Namrudisha mwenzangu."

Tamko halijatambuliwa. Tafadhali rudia.

"Soma walichoandika," kivuli kilisema. "Mimi sikasiriki."

Desderia aliishika karatasi kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha, akasoma. Nakirudisha kivuli changu. Kulikuwa na mlio mdogo, mlio uleule wa simu yake, na kimya kikaingia masikioni mwake, kimya cha chumba ambacho mtu ametoka.

"Umezungumza naye dakika kumi na moja," Ombeni alisema nyuma yake. Sauti yake haikuwa sawa. "Hakuna aliyewahi kuzungumza naye." Hakujisahihisha.

Taa ya kijani iliwaka juu ya maiki. Zahanati iliingia yote kwa pamoja: kitoto kikinyonya kwa kelele, wifi akicheka na kulia, beseni likiburutwa sakafuni.

"Nesi Desi?" Yustina aliita. "Damu naona inazidi. Tumbo limekuwa laini. Nesi Desi, upo?"

Desderia alifuta uso kwa kiganja.

"Nipo," alisema. "Weka mkono juu ya kitovu, ulitafute fuko la uzazi, ulisugue kwa nguvu mpaka likaze. Usiogope kumuumiza."

"Sawa," Yustina alisema. Alisugua, akahema, akasugua tena. "Linakaza. Limekaza. Asante, Nesi Desi," akasema, kama alivyomwambia kila siku.